Zebaki: Sumu Ing'aayo Kama Fedha

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, mwezi huu twataka kuzungumza na ndugu zetu wasomaji, wakubwa kwa wadogo, juu ya kitu ambacho wengi wetu twakijua kwa jina, na wachache twayajua madhara yake. Kitu hicho ni zebaki.

Huenda akatokea msomaji akauliza: ukurasa huu ni wa mambo ya dini na malezi, zebaki imeingiaje? Jawabu letu ni kwamba Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Baqara kujitia wenyewe katika maangamizi kwa mikono yetu, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwislamu hadhuru wala halipizi dhara kwa dhara. Kulinda roho ni katika makusudio makubwa ya sharia. Basi sumu ikiwa imo ndani ya sabuni tunayoogea, na ikiwa imo katika kazi wanayoiendea vijana wetu kutafuta riziki, kuieleza ni wajibu wa mwalimu kama alivyo na wajibu wa kueleza tohara na sala.

Zebaki ni madini, walakini si kama madini mengine. Chuma na shaba huyeyuka kwa moto mkali, lakini zebaki ni maji katika joto la kawaida. Hung'aa kama fedha, na uzito wake ni zaidi ya mara 13 ya uzito wa maji. Ukiidondosha sakafuni hupasuka vijitone vidogo vidogo vikakimbia huku na huko, na kwa sababu hiyo watoto huipenda na kutaka kuichezea. Ubaya wake mkubwa ni kwamba hugeuka mvuke taratibu hata pasipo moto, na mvuke huo hauonekani kwa macho, hauna harufu wala ladha. Mtu huuvuta kifuani asijue. Mvuke ukiisha kuingia mapafuni, sehemu kubwa yake hupenya ikaingia katika damu, na kutoka hapo huenda kwenye ubongo na kwenye figo, navyo ndivyo viungo inavyovidhuru zaidi.

Dalili zake huja polepole. Mikono huanza kutetemeka, mtu akashindwa kutia uzi katika sindano au kushika kikombe bila ya kumwaga. Usingizi humpaa, husahau mambo, huwa mwepesi wa hasira, au huona haya na kujitenga na watu. Fizi huvimba na kutoa damu. Figo zikidhurika, uso na miguu huvimba. Na kwa kuwa mambo haya hayaji kwa siku moja, mgonjwa na jamaa zake hudhani ni uzee, au ni fikra nyingi, na wengine husema amerogwa.

Khabari hizi hazikuanza leo. Zamani katika nchi za Ulaya na Marekani, watengenezaji wa kofia walikuwa wakipaka dawa yenye zebaki juu ya manyoya ya sungura ili yashikamane vizuri. Mwaka 1860 tabibu mmoja wa New Jersey, jina lake J. Addison Freeman, alieleza maradhi aliyoyaona kwa mafundi hao, kutetemeka na kuumwa na fizi, akaonyesha kuwa sababu yake ni zebaki. Katika mji wa Danbury, uliokuwa mashuhuri kwa kofia, tetemeko hilo lilikuwa limezoeleka hata likaitwa kwa jina la mji. Je, mnajua Marekani iliikomesha lini zebaki katika kazi hiyo? Ni mwishoni mwa mwaka 1941. Miaka 81 ilipita baina ya kujua na kuacha, na katika miaka hiyo mafundi waliendelea kutetemeka.

Khabari ya pili ni ya Minamata, mji wa pwani katika nchi ya Japani, ambao watu wake waliishi kwa uvuvi. Kampuni ya Chisso ilikuwa na kiwanda hapo, na tangu mwaka 1932 kiwanda hicho kilitumia zebaki katika kutengeneza kemikali moja, kikayamwaga maji machafu baharini. Zebaki ya namna hiyo, iliyoungana na vitu vingine, huwa kali zaidi kuliko ile ing'aayo, nayo huingia katika miili ya samaki. Paka wa mji walianza kwanza: wakizunguka kama wachezao ngoma, wakaanguka na kufa. Kisha wakaugua watu. Tarehe 1 Mei 1956 hospitali ya kiwanda ilipeleka khabari serikalini kwamba kuna maradhi ya ubongo yasiyojulikana. Wagonjwa walikuwa hawawezi kutembea sawasawa, wala kusema vizuri, wala kuona pembeni.

Mwaka 1959 daktari wa hospitali hiyo ya kampuni, Hajime Hosokawa, alimlisha paka maji machafu ya kiwanda pamoja na chakula, na paka yule akapatwa na maradhi yale yale. Wakubwa wa kampuni waliijua khabari hii, wakaificha. Mwishoni mwa mwaka huo huo waliwapa wagonjwa fedha kidogo kwa mkataba kwamba wasije wakadai tena. Maji yakaendelea kumwagwa mpaka mwaka 1968, na mwezi wa Septemba mwaka huo ndipo serikali ya Japani ilipokiri kwamba sababu ni zebaki ya kiwanda. Watu zaidi ya 2,000 walithibitishwa rasmi kuwa wagonjwa wa maradhi hayo. Na lililo zito zaidi ni kwamba walikuwako mama wajawazito ambao wenyewe hawakuugua sana, lakini watoto wao walizaliwa na vilema vya ubongo, kwa sababu sumu ilipita kwa mama ikamwendea mtoto tumboni.

Ndugu zetu, aliyeficha khabari ya paka yule hakumwua mtu kwa upanga. Alinyamaza tu. Dini yetu imekataza kuficha ushahidi, ikasema kuwa mwenye kuuficha moyo wake una dhambi. Basi pimeni wenyewe uzito wa kunyamaza miaka tisa hali watu wanakula samaki wale kila siku.

Khabari ya tatu ni ya ndugu zetu wa Iraki. Baada ya ukame, serikali ya nchi hiyo iliagiza ngano na shayiri za mbegu kutoka nchi za nje. Mbegu zilifika mwaka 1971, nazo zilikuwa zimetiwa dawa yenye zebaki ili zisiharibiwe na kuvu, zikapakwa rangi nyekundu iwe alama ya sumu. Maandishi ya kuonya juu ya magunia hayakuwa kwa Kiarabu, bali kwa lugha ambazo wakulima hawakuzijua. Wengi walizipata baada ya msimu wa kupanda kupita, na njaa ilikuwapo. Wakaziosha, rangi ikatoka, wakadhani sumu nayo imetoka. Wakasaga, wakaoka mkate, wakala na watoto wao. Wengine waliwapa mifugo kwanza ili kujaribu, wakaona wanyama hawafi upesi, wakatulia. Lakini sumu hiyo hukaa wiki kadhaa kabla ya kudhihiri. Ilipodhihiri, watu 6,530 waliingizwa hospitali, na 459 katika hao wakafa humo, mbali na waliofia majumbani.

Tumeitaja khabari hii kwa sababu ina funzo kwa kila nyumba. Rangi kutoka si sumu kutoka, na mtu kutougua leo si dalili ya kwamba amesalimika. Na onyo lisiloeleweka na yule anayeonywa si onyo.

Sasa turudi kwetu. Zebaki inatujia kwa milango miwili mikubwa, wa kwanza ukiwa ni urembo. Ziko sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zinazotiwa zebaki, kwa sababu zebaki huzuia ngozi kutengeneza weusi wake wa asili. Mwanamke hujipaka, akajiona amekuwa mweupe, akafurahi. Hajui kwamba ngozi imeinywa zebaki na kuipeleka katika figo zake. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la utabibu la Uingereza juu ya wagonjwa wao wa figo, wakaeleza kwamba wengi walikuwa wakitumia marhamu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Khabari hii, basi, ina zaidi ya miaka 50 katika mji wetu wenyewe wa Afrika ya Mashariki, na biashara hiyo bado ipo.

Wala madhara hayakomei kwa mwenye kujipaka. Zebaki hubaki katika taulo, katika mto na shuka, na katika mikono inayomshika mtoto. Imeonekana katika nyumba nyingine kwamba watoto wasiojipaka kabisa wamekutwa na zebaki miilini mwao kwa sababu ya krimu ya mama au ya dada. Na mama mjamzito au anyonyeshaye ndiye wa kuogopewa zaidi.

Tumeulizwa mara nyingi na mabinti waliokaribia kuolewa, na mama zao pia: je, si halali mtu kujipamba? Twasema, kujipamba ni halali, na mke kujipamba kwa ajili ya mumewe ni jambo jema lenye thawabu. Lakini pambo likiwa ni sumu, hilo si pambo. Singo, liwa, udi, hina na mafuta ya nazi, bibi zetu walijipamba kwavyo wakapendeza. Na iwapo mume au wakwe ndio wanaomtaka binti awe mweupe, nawajue kwamba hapana utiifu kwa kiumbe katika jambo la kumuasi Muumba, na kuharibu figo za mtu ni maasi. Tena na tujiulize sisi wazazi: ni nani aliyemfundisha binti yetu kwamba rangi aliyopewa na Mola wake ni aibu? Mara nyingi ni sisi, kwa maneno yetu tunapomsifu mmoja wa watoto kwa weupe mbele ya mwenziwe. Mtume (s.a.w.) katika hotuba yake ya kuaga alitangaza kwamba mweupe hana ubora juu ya mweusi, ila kwa ucha Mungu.

Mlango wa pili ni machimbo ya dhahabu. Vijana wetu wengi huenda Geita, Chunya na kwingineko katika machimbo madogo madogo. Huko mawe husagwa, kisha hutiwa zebaki, nayo huikamata dhahabu iliyo katika unga wa mawe wakawa donge moja. Donge hilo huchomwa motoni, zebaki ikaruka mvuke, dhahabu ikabaki. Kijana huiona dhahabu mkononi, wala hauoni mvuke uliokwisha ingia kifuani mwake na mwa mkewe na watoto waliokaa karibu na jiko. Maana wengine huchoma nyumbani, tena katika sufuria ya kupikia, na wanunuzi wa dhahabu nao huichoma tena madukani mwao. Mabaki yake huteremka na mvua mpaka mitoni na ziwani, na huko vijidudu vya matopeni huigeuza kuwa zebaki ya namna ile ya Minamata, ikaingia kwa samaki. Umoja wa Mataifa umeeleza kwamba katika zebaki yote inayomwagwa hewani kwa kazi za wanadamu duniani, machimbo haya madogo ndiyo yenye sehemu kubwa kuliko kazi nyingine yoyote.

Mataifa yamelichukulia hatua jambo hili. Mwezi wa Oktoba mwaka 2013 mataifa yalikutana Japani, yakatia saini mkataba ulioitwa kwa jina la Minamata, ili jina la mji ule liwe ukumbusho. Mkataba ulianza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017. Uganda iliingia mwaka 2019, Tanzania mwaka 2020, na Kenya mwaka 2023. Umekataza kufungua migodi mipya ya zebaki. Umetaka ikomeshwe desturi ya kuchoma donge la zebaki hewani pasipo kifaa cha kuufunga mvuke, na desturi ya kulichoma katika makazi ya watu. Vipima joto na vipimo vya damu vyenye zebaki vilipangiwa mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengenezwa na kuuzwa baina ya nchi. Na mwaka 2023, katika mkutano wa Geneva, mataifa yalikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo mwaka 2025, hata vile vyenye kiasi kidogo mno.

Sheria ya namna hii si jambo geni katika Uislamu. Wazee wetu waliita hisba, na msimamizi wake wakamwita muhtasibu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alimpa Bibi Shifaa binti Abdullahi kazi katika soko la Madina. Na katika karne ya 12 Al-Shayzari, mtu wa Sham, alitunga kitabu kizima cha kumwongoza muhtasibu, akaeleza humo hila za wauza dawa na jinsi ya kuzigundua. Kwa hiyo mkaguzi wa viwango aingiapo dukani leo na kupekua makasha ya sabuni, kazi yake ni ile ile, na kumsaidia ni kusaidiana katika wema. Na mwenye duka la Kiislamu anayeuza krimu hizi kwa siri, chini ya meza, akumbuke maneno ya Mtume (s.a.w.) kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Chumo la namna hiyo halina baraka, na wala sadaka yake haimtakasi.

Walakini sheria haingii chumbani kwa mtu. Mkaguzi hawezi kufungua kila mkoba wala kusimama kando ya kila jiko la machimboni. Hapo ndipo kazi yetu sisi wazazi na walimu inapoanza. Basi twausia haya yafuatayo.

Kwanza, someni maandishi ya kila krimu na sabuni kabla ya kununua, na kama ni ya lugha msiyoijua, mwiteni kijana anayeijua. Mkiona maneno kama mercury, mercurio, mercuric, mercurous, calomel au ammoniated mercury, hiyo ni zebaki. Mkiona onyo kwamba isiguse fedha, dhahabu, alumini au vito, ijueni kuwa ni ya kutiliwa shaka. Na kisicho na maandishi yoyote, au kilichochanganywa dukani kama ule mkorogo, kiacheni kabisa.

Pili, aliyekwisha tumia aache, aende hospitali akapimwe mkojo na damu, na amwambie daktari wazi wazi alichokuwa akipaka. Asione haya, maana haya ikimzuia mtu na matibabu hugeuka kuwa adui. Kopo lake lisitupwe jaani wala chooni. Lifungwe katika mfuko, na waulizwe wahusika: kwa Tanzania Bara ni Shirika la Viwango, kwa Zanzibar ni Wakala wa Chakula na Dawa, na kwa Kenya ni Shirika la Viwango la huko.

Tatu, kipima joto cha zebaki kikivunjika nyumbani, watoto watolewe, madirisha yafunguliwe. Msifagie kwa ufagio, kwani ufagio huvitawanya vijitone. Vikusanyeni kwa karatasi ngumu mbili, vilivyosalia viokoteni kwa utepe wa gundi, vyote vitiwe katika chupa yenye kifuniko. Msivimwage katika bomba la maji.

Nne, vijana walio machimboni wasichome donge nyumbani, wala mbele ya mke na mtoto, wala katika chombo cha chakula. Watumie kile kifaa kilichofungwa, ambacho huunasa mvuke na kuurudisha zebaki wakaitumia tena, na huko pia wanaokoa fedha zao. Bora kuliko hayo ni kujifunza njia zisizotumia zebaki, kama ile ya wachimbaji wa Benguet huko Ufilipino, ambao huyeyusha dhahabu yao kwa boraksi. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Tano, mtu asije akaogopa samaki kwa maneno haya. Samaki ni riziki njema, na dagaa na samaki wadogo hawana zebaki ya kutisha katika maji yaliyo safi. Ila mama mjamzito na apunguze wale wakubwa wanaokula wenzao, kama papa na sansuli, kwa kuwa zebaki hujikusanya katika hao.

Hayo ndiyo tuliyoyaona ya kuwausia ndugu zetu kwa mwezi huu. Mwenye kuyasoma na amsomee asiyejua kusoma, na mwenye binti na akae naye chini amweleze kwa upole, kabla muuzaji hajamweleza kwa utamu. Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na watoto wetu na kila dhara, lionekanalo na lisiloonekana, na awape shifaa walio wagonjwa. Amin.